Chapati ya Mayai na Moto Wake

Mgeni aketiye katika mgahawa wa Mzinga, Morogoro, akaagiza chapati ya mayai, huletewa ingali inafuka moshi. Mpishi hupiga mayai pamoja na kitunguu na nyanya, huyamimina katika kikaango, huilaza chapati juu yake, huigeuza, kisha huiviringisha. Waganda huiita rolex, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, saa haihusiki.

Aionjaye mara ya kwanza husifu ulaini wake. Ulaini huo ndio wa kuangaliwa. Yai lenye ganda safi, lisilo na ufa, laweza kubeba bakteria wa salmonela walioingia humo ganda lisijaumbika, ndani ya mwili wa kuku. Harufu haibadiliki, wala rangi. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba chakula kipate joto la nyuzi 70 za Selsiasi hadi katikati, na kwa chapati hii joto hilo hupatikana kikaangoni tu: ikishaviringishwa, ute mbichi hubaki mbichi.

Mtu mzima mwenye afya aghalabu huharisha siku chache akapona. Mtoto mchanga, mjamzito na mzee huweza kuzidiwa. Kwa mgonjwa wa selimundu, salmonela huweza kupenya hadi mifupani, na matibabu yake huchukua wiki nyingi.

Mteja akiikunjua na kuona ute ukiteleza, airudishe kikaangoni. Ni kazi ya dakika moja, na hakuna mpishi wa kweli atakayeona ameaibishwa.