Magari ya mazuti: kwa nini chujio la moshi hupasuka kwa joto

Gari la mazuti lililotumika Ulaya likifika Lubumbashi, Goma ao Bukavu, linaweza kuwa na chombo ambacho mwenye gari hakijui mpaka siku taa yake inapowaka: chujio la kauri, linalokamata masizi kabla moshi haujatoka nje. Likiharibika, kununua jipya ni gharama kubwa, na wengine huamua kulitoa kabisa. Lakini mara nyingi haliharibiwi na uzee. Linaharibiwa na joto ambalo lingeweza kuzuiwa.

Chujio limejengwa kama sega la nyuki. Vijia vyake vimezibwa kwa zamu, kimoja upande wa mbele, jirani yake upande wa nyuma, ili moshi ulazimike kupenya kuta zenye matundu madogo sana. Moshi unapita, masizi yanabaki.

Moto ndani ya chujio

Masizi hayo lazima yachomwe. Bila dawa ya kusaidia, yanawaka kwenye digri 600 hivi, lakini moshi wa gari linalotembea polepole mjini haufikii joto hilo. Ndiyo maana injini huongeza mazuti kidogo kwa muda ili kupasha chujio. Peugeot 607, iliyotoka mwaka 2000, ilitumia pia dawa ya seriamu iliyochanganywa na mazuti, ili masizi yawake mapema zaidi.

Hatari inakuja masizi yakiwa yamejaa kupita kiasi. Yakianza kuwaka, kisha dereva akasimama ghafla na injini ikabaki kuzunguka polepole, hewa ya oksijeni ndani ya moshi inaongezeka, huku upepo wa kuondoa joto unapungua. Hapo joto linaweza kupita digri 1000.

Aina mbili za kauri

Vyujio vingi ni vya kodieriti ao silikoni kabaidi. Kodieriti hutanuka kidogo sana ikipata joto, na huyeyuka karibu na digri 1450. Udhaifu wake ni kwamba haisambazi joto vizuri: katikati panawaka, pembeni pamepoa. Sehemu moja inatanuka, nyingine inakataa, na kauri inapasuka. Majivu ya oili yakishikamana nayo, inaweza kuyeyuka hata kabla ya kiwango hicho.

Silikoni kabaidi husambaza joto vizuri na huvumilia moto mkali zaidi, lakini hutanuka mara kadhaa kuliko kodieriti. Kwa hiyo hutengenezwa kwa vipande vidogo vilivyounganishwa kwa saruji maalumu.

Dereva afanye nini?

Taa ya chujio ikiwaka, usiipuuze. Gari likiwa zima, liendeshe kwa mwendo wa kutosha barabarani mpaka taa izimike, na usizime injini katikati ya kazi hiyo. Tumia oili yenye majivu machache, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Usimwagie maji baridi chujio lenye moto. Bomba la moshi likianza kuwa jeusi ndani, huenda kauri imekwisha kupasuka.

Kulitoa si dawa. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa la OMS liliweka moshi wa mazuti kati ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Masizi ambayo chujio halikuyakamata yanaishia katika mapafu ya watu walio kando ya barabara.