Mwanamke Katika Muziki wa Rap (2): Wasichana wa Spelman na tafiti mbili

Wiki iliyopita tuliona kwamba sherehe inayohesabiwa kuwa chimbuko la hip hop, ya Agosti 11, 1973 kule Bronx, iliandaliwa na msichana. Cindy Campbell alitaka fedha za nguo za shule. Kaka yake, DJ Kool Herc, akapiga muziki. Tuliona pia kuwa kampuni iliyotoa "Rapper's Delight" mwaka 1979 iliongozwa na mwanamke, Sylvia Robinson. Basi anayedai kwamba kumdhalilisha mwanamke ndiyo asili ya muziki huu ana kazi ya kutueleza.

Leo twende Atlanta, mwaka 2004. Nelly, rapa wa St. Louis, alikuwa na dada anayeugua saratani ya damu na kuhitaji kupandikizwa uloto. Uloto unaooana hupatikana zaidi kwa watu wa asili moja, na Wamarekani Weusi waliojiandikisha kuchangia ni wachache. Taasisi ya msanii huyo ikapanga kusajili wachangiaji Spelman, chuo cha wanawake Weusi kilichoanzishwa mwaka 1881. Pahali palikuwa sahihi kabisa.

Ila kulikuwa na "Tip Drill", video ya Nelly ambayo kituo cha televisheni cha BET kiliirusha usiku wa manane tu. Ndani yake kadi ya benki inapitishwa katikati ya makalio ya mwanamke, kama kwenye mashine ya malipo ya dukani. Wanafunzi wakamwambia Nelly: karibu, tutachangia, lakini ukifika tuizungumzie na video hiyo. Shughuli ikafutwa. Dada yake akafariki mwaka 2005, na hata mwaka 2013 Nelly alikuwa bado analaumu kwamba wanafunzi wale walimnyima nafasi ya kumwokoa.

Uchungu wa ndugu aliyefiwa haubishaniwi. Hata hivyo, wasichana wale hawakumfungia mlango; walidai mazungumzo. Miaka kumi kabla yao, C. Delores Tucker, mkongwe wa harakati za haki za Weusi, alipopiga kelele kuhusu mashairi ya rap, marapa walimcheka kama bibi asiyejua mambo ya vijana. Wa Spelman wasingeweza kuambiwa hivyo. Wao ndio waliokuwa wakiununua muziki huo na kuucheza, na walilingana umri na wanawake wa kwenye video. Januari 2005 jarida la Essence, linalosomwa na wanawake Weusi, likaanzisha kampeni yake juu ya suala hilohilo.

Je, vijana wanaathirika kweli? Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2003. Uliwafuatilia kwa miezi 12 wasichana Weusi 522 wa Alabama, wenye miaka 14 hadi 18. Waliotazama sana video za rap walielekea mara tatu zaidi ya wenzao kumpiga mwalimu, na mara mbili zaidi kuwa na wapenzi wengi. Takwimu hizi zinatisha, lakini haziamui kesi: huenda binti ambaye tayari ana vurugu ndiye anayezipenda video hizo.

Utafiti wa pili, wa mwaka 2006, unanishawishi zaidi. Watafiti wa taasisi ya RAND waliwahoji vijana 1,461 wa miaka 12 hadi 17, kisha wakarudi kwao baadaye. Hawakuishia kwenye rap. Walichukua muziki wa aina nyingi, wakatenga nyimbo zinazotaja ngono kwa kudhalilisha, ambamo mwanamume hashibi na mwanamke ni chombo tu, na zile zinazoitaja bila dharau. Waliosikiliza sana kundi la kwanza walielekea kuanza ngono mapema, wavulana kwa wasichana. Kundi la pili halikuonyesha uhusiano huo.

Wanaotaka kila wimbo wenye neno la chumbani upigwe marufuku wautafakari utafiti huu. Hata kwetu, kungwi huimba mambo ya mwili waziwazi unyagoni, na mafumbo ya taarab hayajifichi sana. Swali linalofaa kuulizwa redioni na nyumbani ni jinsi mwanamke anavyowekwa ndani ya wimbo: ana sauti, anachagua, anakataa? Kuhesabu matusi hakulijibu swali hilo.

Wiki ijayo: wanawake washika maiki, kuanzia Roxanne Shanté, aliyekuwa na miaka 14 alipowajibu wanaume mwaka 1984, hadi Queen Latifah.

Itaendelea.