"Pafu Moja Tu": Tuufahamu Unga na Namna ya Kuukataa



Ndugu zetu wanafunzi, wakubwa kwa wadogo, mwaka huu tumeona tusiandike juu ya dawa za kulevya kwa namna ileile ya kila mwaka, yaani kusema ni haramu kisha tukafunga daftari. Uharamu wake mnaujua. Aya za ulevi mmezisoma, tangu ile ya Suratul Baqara hadi aya ya 90 ya Suratul Maida, na mmesikia kwamba wanazuoni wamevitia vileo hivi vipya katika hukumu ileile kwa sababu navyo huondosha akili. Lakini yupo mwanafunzi wetu mmoja ambaye naye aliyajua hayo yote. Alikuwa amehifadhi juzuu saba. Alianza kuvuta akiwa na miaka 15. Sisi walimu wake tulichelewa kujua, na tulipojua tulimfukuza chuo. Tutarudi kwake mbele, kwani kisa chake kinatuhusu sisi zaidi kuliko kinavyomhusu yeye.

UNGA NI NINI?

Unga unaotajwa mitaani ni heroini. Hutokana na utomvu wa mmea wa mpopi, utomvu ambao wazee wetu waliujua kwa jina la afyuni au kasumba. Mkemia wa Kiingereza, C. R. Alder Wright, aliitengeneza heroini kwa mara ya kwanza mwaka 1874, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuiuza kama dawa ya kikohozi. Waliitangaza kuwa haimtii mtu utumwani kama mofini. Walikosea vibaya sana. Tumelitaja hili makusudi: ikiwa wataalamu wenye maabara walidanganyika, basi rafiki yako wa maskani anayekwambia "hii haina neno" amelijulia wapi?

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya heroini ya dunia ilitoka Afghanistan. Tangu mwaka 2022 kilimo cha mpopi kimepigwa marufuku huko, lakini biashara haijafa. Mzigo hushuka pwani ya Makran, Iran na Pakistan, ukapakiwa majahazini na kuvuka Bahari ya Hindi kuja upande wetu. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililikamata jahazi moja katika bahari ya nje ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini, imefichwa kati ya mifuko ya saruji. Mzigo mwingi huwa unapita tu, unakwenda Ulaya na kwengineko. Unaodondoka njiani ndio unaogawanywa kete, ukachanganywa na unga mwengine asioujua hata muuzaji, ukauzwa vichochoroni mwetu.

UNAVYOMSHIKA MTU

Hapa tunaomba msome polepole. Mwenyezi Mungu ameujaalia ubongo kutengeneza wenyewe vitu vya kutuliza maumivu na vya kumfurahisha mtu anapokula akiwa na njaa, anapofaulu mtihani au anapocheka na wenzake. Heroini ikishaingia mwilini hugeuka mofini na kukaa mahali pa vitu hivyo, kwa nguvu kubwa mno kuliko vile vya asili. Ubongo ukiona unaletewa kila siku kwa wingi namna hiyo, huacha kujitaabisha. Hupunguza vyake. Kete moja iliyotosha mwanzo haitoshi tena, zinatakiwa mbili, na furaha ya mambo ya kawaida inapotea: biriani halina ladha, mpira hauna raha.

Ikikosekana ndipo huja arosto. Huanza baada ya saa 8 hadi 12 hivi tangu kipimo cha mwisho: miayo, machozi, makamasi, mwili kusisimka kwa baridi na huku jasho linatoka, kisha mifupa kuuma, kutapika na kuharisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Sasa mtu havuti tena kwa ajili ya raha, anavuta ili asiumwe. Ndiyo maana yule teja unayemuona akiiba sufuria ya mama yake hana sura ya mtu anayestarehe.

Nyinyi wenye miaka 13 au 17 mmo katika hatari zaidi kwa sababu moja ya kimaumbile. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayompa mtu breki ya kufikiri kabla ya kutenda, haikamiliki kukua mpaka karibu na miaka 25. Ile ya kutaka raha huwahi. Ni gari lenye mashine mpya na breki ambazo fundi hajamaliza kuzifunga.

Na jambo moja zaidi, ambalo huua. Heroini hupunguza kasi ya pumzi. Mtu aliyeacha kwa wiki kadhaa, labda alikuwa jela au katika nyumba ya soba, mwili wake husahau ile mazoea. Akirudi na kuvuta au kujidunga kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Ukimkuta mtu amelala haamshiki na anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, usimwache "alale ulevi umtoke". Mlaze ubavu na umkimbizie mtu mzima na hospitali.

KUKATAA KUNAFUNZWA

Mnadhani atakuja mtu mgeni mwenye miwani myeusi. Hatujamuona huyo. Anayekuja ni binamu yako, au mwenzako wa timu, usiku wa sikukuu, na ya kwanza hutoa bure. Huanza na sigara, ikaja bangi, kisha siku moja ndani ya msokoto mna kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, na pengine hukuambiwa.

Kwa hivyo mwaka huu tulifanya mazoezi darasani. Mmoja anashawishi, mwengine anakataa. Kijana wa kwanza alitoa khutba nzima yenye dalili, wenzake wakamcheka, naye akakaa hapohapo apate kuwajibu. Kwa hesabu yetu angekuwa maskani saa nzima! Ukitoa sababu umefungua mjadala, na mjadala una pande mbili. Waliofaulu walisema hivi:

"Vuta bwana, pafu moja tu."

"Sivuti."

"Ustadhi huyo! Unaogopa?"

"Sivuti. Mie nakwenda zangu."

Na akaenda kweli. Miguu ndiyo iliyomaliza maneno.

Mwanafunzi mmoja akauliza: je, naweza kusema naitwa nyumbani, na hali sikuitwa? Tukamjibu, fanya iwe kweli. Kubaliana mapema na mama, kaka au mjomba kwamba ukimbipu mara mbili akupigie akuite. Hapo umeitwa, na hujasema uongo.

Nanyi wasichana, msidhani makala haya ni ya wavulana. Wenzenu wameponzwa na "niwekee kimfuko hiki mkobani, nitakuja kukichukua". Hicho nacho hukataliwa kwa maneno mawili, hata akiwa ni kaka, kwani anayekutwa na mzigo ndiye anayekamatwa kwanza.

YULE TULIYEMFUKUZA

Tulisema tunawalinda wengine. Labda. Lakini tulipomfungia mlango, mahali pekee palipobaki pa kumpokea palikuwa ni maskani, na ndani ya mwaka mmoja aliacha kuvuta akawa anajidunga. Mama yake alikuja chuoni mara tatu kutuomba. Hatukujua la kumwambia, wala hatukujua kwamba uraibu una tiba.

Tiba ipo. Zipo nyumba za soba, na ipo methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na hapa Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu, mwaka 2015. Baadhi ya wazee husema huko ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Sisi tulisema hivyohivyo kabla hatujauliza. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hukaa mwilini siku nzima, na kipimo kikishatulia hakimlevyi. Kinaizuia arosto, basi, ili mtu apate kufanya kazi, kula na kusali.

Kijana wetu yupo katika dawa hiyo tangu mwaka juzi. Asubuhi huenda kunywa, kisha huenda gereji anakojifunza ufundi. Baada ya Magharibi huja chuoni. Juzuu zimempotea nyingi na ameanza upya na Juzuu Amma, pamoja na watoto wa miaka tisa ambao hawajui kwa nini mtu mzima amekaa nao safu moja. Tulimwomba radhi mbele ya mama yake. Yeye ndiye aliyetutungia maneno ya yule mshawishi katika mazoezi yetu, kwani sisi tuliyoyaandika aliyasoma akacheka, akasema hakuna mtu duniani anayeshawishi hivyo.

Mazoezi yanaendelea kila Alhamisi baada ya Alasiri, wavulana ukumbini na wasichana kwa ukhti wao juu. Na aliyekwisha kuanza, aje kwa mwalimu yeyote amtakaye, faragha. Hafukuzwi mtu.