Viatu vya Utayari: Je, Mkristo ni Askari wa Namna Gani?



Uko mfano mmoja tuupendao sana sisi walimu, nao ni ule wa Mkristo aliye askari. Tukitaka kuwafundisha watu habari za kuwa tayari, mara twafungua Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, tukawahesabia silaha: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo na upanga. Watoto hufurahi, vijana hunyosha migongo, na wazee huitikia kwa vichwa. Nami nimefundisha hivyo miaka mingi. Wala sikuacha kuongeza neno lile ambalo kila mwalimu hulisema, kwamba katika silaha zote hizo hamna hata moja ya kufunika mgongo, na kwa hiyo Mkristo hana ruhusa kugeuka nyuma.

Leo nataka kuuchungua mfano huu pamoja nanyi. Sababu yake si werevu, bali ni aibu iliyonipata.

Katika darasa langu la ubatizo alikuwamo kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wenzake wote. Wazazi wake hawajabatizwa. Juma lile nilipokwisha kufundisha habari za silaha, mjomba wake alifariki. Ninyi nyote mwajua mjomba ni nani katika nchi yetu. Mama akamwita mwanawe aje kushika jembe pamoja na wenziwe, wachimbe kaburi. Kijana akakataa. Alisema, "Huko kwafanyika mambo ya mila. Mimi ni askari, siingii kambi ya adui." Basi wakamzika mjomba bila yeye.

Siku ya tatu mama yule alikuja kwangu kwa miguu. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kigoda, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu mmemfundisha kupigana na nani?"

Nalikosa jibu. Nalimpa maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Usiku ule niliwasha taa, nikakisoma kitabu upya, tena polepole, kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka mchangani.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba neno "askari" halikuingia katika nchi hii likiwa tupu. Katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 majeshi ya Wadachi, Waingereza na Wabelgiji yalipigana katika nchi yetu. Mwaka 1916 Waingereza waliishika Kondoa Irangi, na Wabelgiji waliotoka Kongo wakaingia Tabora mwezi wa Septemba mwaka uo huo. Singida iko kati ya miji hiyo miwili. Majeshi yale yalikula nafaka na ng'ombe za watu, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua nayo ilipokosa, Wagogo, na miongoni mwao ndugu zetu wa Manyoni, wakapatwa na ile njaa waiitayo Mtunya, ya miaka 1917 mpaka 1920. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Jina la kikosi chao katika lugha ya Waingereza liligeuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo, na mpaka leo ndilo jina la mtaa na soko la Dar es Salaam.

Basi tukimwambia mzee kwamba mwanawe amekuwa askari, tusistaajabu akivuta uso. Katika masimulizi aliyoyapokea kwa baba zake, askari si yule atangulizaye amani. Ni yule afikaye nyumbani na kuondoka na mbuzi.

Tena na wimbo ule wa askari wa Kristo, uimbwao duniani kote, haukutungwa kwa ajili ya vita. Kasisi Mwingereza, Sabine Baring-Gould, aliwatungia watoto wa Horbury. Watoto wale walikuwa wakienda kwa maandamano katika kijiji cha jirani wakati wa sikukuu ya Pentekoste, naye akataka wapate kitu cha kuimba njiani. Ulikuwa wimbo wa watoto waendao kwa jirani zao!

Sasa na tuyatazame maneno ya Mtume mwenyewe. Naliona mambo manne ambayo nalikuwa nikiyapita mbio.

La kwanza, Mtume asema waziwazi katika aya ya 12 ya sura ile kwamba kushindana kwetu si juu ya mtu mwenye damu na nyama. Aya hii imetangulia kabla ya silaha hazijahesabiwa. Ni kama mtu ampaye mwanawe panga, lakini kwanza amshika mkono na kumwambia ni nini asichoruhusiwa kukikata. Sisi twakimbilia panga, na onyo twaliacha nyuma. Mama wa kijana ni damu na nyama. Mjomba aliyekufa alikuwa damu na nyama. Basi hawakuwa adui.

La pili, aandikaye ni mfungwa. Katika aya ya 20 ajiita mjumbe katika minyororo. Silaha za kweli zimo mikononi mwa wale wamlindao, na yeye hana hata kisu. Mtu wa hali hiyo akisema habari za dirii na upanga, hawezi kuwa anatufundisha ukali. Tazameni pia silaha zenyewe ni nini: kweli, haki, amani, imani, wokovu na Neno la Mungu. Tena si mali yetu. Nabii Isaya, katika sura ya 59, alikwisha kusema kwamba Mungu mwenyewe ndiye ajivikaye haki kama dirii na wokovu kama chapeo. Twavikwa nguo za Baba yetu, na mwana avaaye nguo ya baba yake hana budi kutembea kwa mwendo wa baba yake.

La tatu ni habari ya mgongo. Ndugu zangu, neno hili nalilipokea kwa mwalimu wangu, naye labda alilipokea kwa wake, lakini nimelitafuta katika sura yote nisilione. Mtume hausemi mgongo kabisa. Wala si kweli kwamba askari wa Kirumi alikwenda mgongo wazi. Vazi lake la pete za chuma lilifunika kifua na mgongo pia. Tena ngao yake ilikuwa kubwa, nao walisimama bega kwa bega, hata ngao ya mmoja ikamkinga na mwenziwe. Na hapa lugha yetu yatusaidia. Mtume hasemi "vaa" wala "simama", asema "vaeni" na "simameni". Amri yake ni ya wengi. Hakumwandikia kijana mmoja ajitenge na watu wake. Aliliandikia kanisa lisimame pamoja. Kijana wangu nilimtuma peke yake, nikamwambia asigeuke nyuma, na nyuma yake ndipo alipokuwapo mama yake akilia.

La nne ndilo lililoniondolea usingizi. Katika silaha zote, neno "utayari" limeandikwa mahali pamoja tu. Halimo katika upanga, wala katika ngao. Limo katika viatu! Aya ya 15 yasema kwamba miguu ifungiwe utayari, na utayari huo watoka katika Injili ya amani. Kiatu cha askari wa Kirumi kilikuwa cha ngozi, chenye misumari ya chuma chini ya soli, ili asiteleze. Lakini naamini Mtume alikumbuka pia miguu mingine, ile ya Isaya sura ya 52, miguu ya mjumbe apitaye juu ya milima akileta habari za amani.

Sisi wa nchi ya miiba na mawe twaelewa jambo hili upesi. Mtu akiitwa usiku kwamba jirani ana uchungu wa kuzaa, au mtoto ameshikwa na degedege, hatafuti ngao. Atafuta viatu vyake. Yeye ambaye viatu vyake vi karibu na mlango, huyo ndiye aliye tayari. Katika Biblia utayari haukai katika silaha peke yake. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, wataka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini letu, lakini kwa upole. Waraka kwa Tito, sura ya 3, wataka tuwe tayari kwa kila kazi njema. Kuchimba kaburi la mjomba ni kazi njema. Kama iko mila asiyoweza kuishiriki, Mkristo aweza kusimama kando kwa adabu wakati huo, kisha akashika jembe tena.

Najua wengine wataniuliza, "Mwalimu, je, wataka tuutupe mfano huu?" La, hasha. Umo katika Maandiko, na sina mamlaka ya kuufuta. Vita vipo. Ulevi uvunjao nyumba ni adui. Uongo, uchoyo, na kule kumtuhumu mwanamke mzee kwamba ni mchawi, hao nao ni adui, na mtu asiyejiandaa huanguka. Lakini mfano ni kama kibuyu: wafaa kwa kuchukulia maji, na ukiusukuma kupita kadiri wapasuka. Hata Daudi alivikwa silaha za Sauli, akajaribu kwenda nazo, akaona hawezi, akazivua. Silaha ilikuwa njema, ila haikumfaa. Na tuwakumbuke vijana wa Uganda waliochomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Hawakushika silaha hata moja, wala hakuna atakayesema kwamba hawakuwa tayari.

Baada ya siku chache nalimwita yule kijana. Nalimwambia kwanza kwamba kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake. Tulivaa viatu vyetu, tukaenda pamoja mpaka nyumbani kwa marehemu. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa, wala hatukuweza kulichimba mara ya pili. Kijana akapiga magoti mbele ya mama yake na mbele ya mjane. Hawakumjibu neno upesi. Kisha mjane akasema kwamba dari ya tembe yake yavuja upande wa zizi, na mvua ziko karibu. Juma lile kijana alikwea juu ya tembe, akaitengeneza. Mama yake hajaja kanisani mpaka leo, nami sitawadanganya. Lakini tukionana njiani yeye hutangulia kunisalimu.

Walimu wenzangu, siku mtakapofundisha tena sura hii, nawasihi mwanze na aya ya 12, mkae sana katika aya ya 15, na habari ya mgongo mwiache. Nanyi akina baba na akina mama, jioni mtakapokwisha kula, waulizeni watoto: "Viatu vyetu vi wapi? Leo vimetupeleka kwa nani?" Nyumba iwezayo kujibu swali hilo ina utayari ndani yake.

Mungu wa amani atuvike mwenyewe, asije mama mwingine akatuuliza sisi walimu swali lile ambalo nalikosa jibu lake.

Mimi ndugu yenu, mwalimu wa dini.