Je, Wajua? Mwalimu wa Kunyonyesha Yuko Nyumba ya Pili

Je, wajua kwamba La Leche League, kikundi mashuhuri cha akina mama wanaosaidiana kunyonyesha, kilianzia kwenye pikiniki? Mwaka 1956, jimboni Illinois, Marekani, Mary White na Marian Tompson walikuwa wakinyonyesha wanao, na wanawake wenzao wakawajia wakitaka kujua wamewezaje. Zama hizo chupa ndiyo ilikuwa fasheni, na aliyetaka kunyonyesha hakuwa na wa kumuuliza. Oktoba ya mwaka huohuo wakawakaribisha wenzao nyumbani kwa Mary White, mjini Franklin Park. Waanzilishi walikuwa saba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa daktari.

Je, wajua kwamba mjini Dhaka, Bangladesh, akina mama wa mtaani walifunzwa kwa siku 10 tu, kisha wakatumwa kuwatembelea wenzao majumbani, tangu ujauzito hadi mtoto alipofikisha miezi mitano? Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika mitaa iliyotembelewa, watoto 70 kati ya 100 walikuwa bado wananyonya maziwa ya mama pekee wakiwa na miezi mitano. Mitaa isiyotembelewa? Sita kati ya 100. Isome tena tofauti hiyo, maana dawa chache hujivunia matokeo ya namna hii, na hapa hakuna kidonge wala sindano.

Hata idadi ya ziara ina uzito wake. Jijini Mexico, kati ya akina mama waliotembelewa mara sita, asilimia 67 walikuwa wakinyonyesha maziwa yao pekee mtoto alipotimiza miezi mitatu; waliotembelewa mara tatu ni asilimia 50, na wasiotembelewa asilimia 12.

Kwetu Afrika Mashariki je? Mbale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwakuta wanawake wanaotembelewa na mwenzao aliyefunzwa wakinyonyesha maziwa yao pekee kwa asilimia 82 katika wiki ya 12, dhidi ya 44 kwa wengine. Utafiti huohuo ulifanyika Afrika Kusini, na huko asilimia zilikuwa 10 dhidi ya 6 tu. Wakati ule kliniki za serikali huko ziligawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye VVU. Jirani peke yake hawezi kushindana na kopo la bure.

Je, wajua kwamba akina mama wengi huacha kunyonyesha kwa kuamini tu kwamba maziwa hayatoshi? Mtoto akilia usiku, mkwe anasema ana njaa, uji unakorogwa. Mwenzako aliyefunzwa hatabishana na mkwe. Atauliza mtoto amekojoa mara ngapi: kuanzia siku ya tano hivi, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku nzima ni dalili kwamba maziwa yanaingia. Kisha atakukumbusha kwamba ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukipunguza kunyonyesha ili maziwa "yajae", unayapunguza.

Ataangalia pia jinsi unavyompakata. Tumbo la mtoto ligusane na lako, pua ielekee chuchu, usubiri apanue mdomo hasa, ndipo umsogeze kwenye ziwa, si ziwa kwake. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ubinuke nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu kuliko chini. Akishika chuchu peke yake utaumia, na chuchu itachanika. Hili halifundishiki vizuri kwa bango la ukutani. Linahitaji mtu aliyekaa kando yako kitandani.

Na yale maziwa ya kwanza ya manjano, dang'a, usiyakamue ukayamwaga. Yamejaa kinga.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 1989 WHO na UNICEF zimezitaka hospitali za uzazi kumuunganisha mama na kikundi cha wenzake anaporuhusiwa? Ilikuwa hatua ya kumi kati ya hatua kumi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili kutangulia, kwa sababu matatizo mengi huanza mama akishafika nyumbani.

Je, wajua kwamba nchini Kenya, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walipanda kutoka asilimia 13 mwaka 2003 hadi 61 mwaka 2014?

Na kwamba sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe wakati wa kazi? Asiyeambiwa hawezi kuzidai.

Basi wewe uliyekwisha kunyonyesha, jirani yako akijifungua, usimpelekee khanga na sabuni tu. Keti naye mtoto anaposhikishwa ziwa, umtazame, umwambie unachokijua. Akiwa na homa, au ziwa likiwa jekundu na gumu, mpeleke kliniki siku hiyohiyo.