Barua za iniversite zibaki kwa mashini yako

Wakubwa na wadogo, wengi wetu tuko na adresi ya iniversite na tunaifunguaka kwa simu tu. Huku Wamaza rezo inakuja na kuenda. Mimi naona heri kuweka Thunderbird kwa mashini. Ni ya bure, na barua zikiisha kushuka unazisoma hata rezo haiko. Jibu lako nalo linangojea.

Unaingiza jina, adresi na neno la siri, programu yenyewe inatafuta serveri. Isipoipata, uliza mufundi wa enformatiki wa iniversite. Mlango wa kupokea kwa IMAP ni 993, wa kutuma ni 465 ao 587. Kama adresi yenu inakaa kwa Google ao Microsoft, chagua OAuth2. Microsoft ilianza kufunga njia ya zamani Oktoba 2022, kwa hiyo usichoke bure kurudilia neno la siri.

Sasa, penye watu wanaangukaka ni hapa. IMAP ni kioo: inaonyesha yenye iko kwa serveri. Siku iniversite itafuta adresi yako kisha masomo, kioo kinaweza kubaki wazi. Basi barua za maana, masahihisho ya profesa juu ya memuari, karatasi ya pointi, vipimo vya shamba (vyangu vya mihogo ni kazi ya mwaka mzima!), zikopie ndani ya « Dossiers locaux ». Hizo ziko kwa diski yako, serveri haizigusi. Kisha kopia folda ile kwa kle ya USB. Kama ni nyingi, anza na za mwaka wa memuari.