Sura ya Sita: Mkaguzi Yuko Getini

Mkaguzi wa mgodi wa makaa ya mawe hapigi simu kwanza. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1977 inamkataza mtu yeyote kuutonya mgodi kwamba ukaguzi unakuja. Anayetonya ametenda kosa la jinai. Mgodi wa chini ya ardhi hukaguliwa mzima mzima si chini ya mara 4 kwa mwaka, na ule unaotoa methani zaidi ya futi za ujazo milioni moja kwa siku hupata ziara ya kushtukiza angalau mara moja katika kila siku 5 za kazi.

Usiri wote huo una sababu. Kutoka getini hadi panapokatwa makaa kunaweza kuwa na kilomita kadhaa za kwenda kwa kigari cha reli, na kwa muda huo mengi hurekebishwa. Chukua pazia la hewa: ni turubai linaloning'inizwa ili upepo wa feni ufike kwenye uso wa makaa na kuifagia gesi. Mashine ikitaka kupita, turubai ni kero, basi hukunjwa pembeni. Kulirudisha ni kazi ya dakika mbili, ilimradi uwe umeambiwa.

Methani haina rangi wala harufu. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya hewa hailipuki, ikizidi 15 hailipuki pia; hatari yenyewe iko hapo katikati. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa, mkaguzi hakishiki kipimo kifuani, hukiinua kuelekea paani na kukiacha kama sentimita 30 kutoka kwenye mwamba. Kikisoma asilimia 1, umeme wa mashine huzimwa. Kikifika 1.5, watu wanatoka.

Lakini mauaji makubwa hufanywa na vumbi. Gesi kidogo ikiwaka huutimua unga wa makaa uliolala sakafuni, unga nao huwaka na kutimua wa mbele yake, hivyo hivyo njia nzima. Kinga yake ni ya kizamani: mwaga unga wa chokaa juu yake, mpaka angalau asilimia 80 ya mchanganyiko iwe kitu kisichoungua. Macho hayatoshi kuthibitisha hilo, kwani weupe wa juu unaweza kuwa wa asubuhi ileile. Kwa hiyo mkaguzi hupiga magoti na brashi na kijiko, akachota sakafuni kwa kina cha kama sentimita 2.5, akapanda ukutani, paani, akashukia ukuta wa pili. Huchekecha, hutia mfukoni, hupeleka maabara. Huko unga huchomwa, na kinachobaki hupimwa.

Sasa, kinachoondolewa ili kumwokoa mchimbaji huishia kwa wengine walio juu. Feni huitoa methani nje, ambako ni miongoni mwa gesi zinazolipasha joto anga. Pampu huyatoa maji, na maji yaliyopita kwenye madini ya pairaiti penye hewa hugeuka asidi yenye chuma. Maji hayo ni kazi ya mkaguzi mwingine, wa ofisi nyingine. Hata kwetu Tanzania mgodi hutazamwa na Tume ya Madini, OSHA ya usalama kazini na NEMC ya mazingira, kila mmoja na fomu zake (wenye migodi hulalamika, nami siwaonei huruma). Mkaguzi wa maji hupima pH, ambayo Marekani huitaka iwe kati ya 6 na 9. Akiwa mjuzi, huteremka pia kijitoni kutazama mawe. Pampu inaweza kuzimwa siku ya ugeni, ila kutu ya rangi ya chungwa iliyoganda kwenye mawe haisuguliki kwa nusu saa.

Tarehe 5 Aprili 2010, mgodi wa Upper Big Branch, jimbo la West Virginia, ulilipuka na kuua watu 29. Wachunguzi walikuta meno ya mashine yamechakaa, vinyunyizio vya maji vimeharibika au havipo, na chokaa haitoshi. Walikuta pia madaftari mawili: la uzalishaji lenye hatari zilizojulikana, na lile rasmi la wakaguzi lisilozitaja. Na getini, walinzi walikuwa na desturi ya kutangaza kwa simu ya upepo kila mkaguzi alipoingia. Mkuu wa ulinzi, Hughie Stover, aliwaambia wachunguzi kwamba desturi hiyo haikuwepo, akaagiza nyaraka ziharibiwe. Alifungwa miaka 3. Mkurugenzi mkuu wa kampuni, Don Blankenship, alipatikana na hatia ya kula njama ya kuvunja kanuni za usalama migodini. Alifungwa mwaka 1.